Hakuna Jiwe Lililomwangukia Baba Yako

Tunduma, Jumapili jioni

Elia mwanangu,

Umeenda kuwaaga wenzako, na baba yako amelala, au anajifanya amelala. Begi lako liko mlangoni. Sitakuandikia habari za chandarua wala za kuchemsha maji ya kunywa. Nimekulea mimi, najua unachokijua. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo tulikudanganya, na kesho unakwenda Mkwajuni kufanya kazi ileile aliyoifanya baba yako.

Tulikuambia kwamba jiwe lilimponda mguu ndani ya duara, kule chini kwenye shimo la dhahabu. Hakuna jiwe lililomwangukia baba yako. Siku yake ya mwisho katika lile shimo alipanda juu kwa miguu yote miwili, akanawa mikono, akapokea mgawo wake wa mawe, akaja nyumbani. Mguu wake uliozeshwa na moshi. Ni bangi, mwanangu, pamoja na tumbaku kidogo aliyokuwa akichanganya ili iwake vizuri.

Juzi nilikusikia ukimtambia rafiki yako pale uani: "Mimi mzee kanifundisha. Unagonga dari kwa nyundo kabla ya kuingia. Ikilia kama ngoma, unatoka mbio." Nilikuwa nachambua mchele, nikajiinamia nisionekane uso. Amekufundisha vizuri sana kuogopa mawe. Miaka yote hii amekufundisha kujikinga na kitu ambacho hakikumgusa, na kile kilichomgusa amekinyamazia. Nami nimekinyamazia pamoja naye.

Alipofika Mkwajuni alikuwa kijana wa Ihanda aliyeimba besi kanisani. Hilo la besi nataka ulijue, maana wewe hukuwahi kulisikia. Alikuwa akishuka chini mpaka ubao wa benchi unatetemeka. Wenzake wa duara walimwita Mchungaji. Siku ya kwanza alipokataa kijiti cha bangi, mmoja akamwambia, "Mchungaji, kule chini hewa ni ya kugombania. Hii inafungua kifua." Mwingine akadakia, "Mwache bwana, yeye atapumua kwa Roho." Wakacheka, naye akacheka, akavuta. Walikuwa na mashindano yao: vuta, bana, usiachie mpaka uone nyota. Baba yako alikuwa hodari wa kubana, kwa sababu ya pumzi za kwaya.

Wiki hii utaambiwa maneno hayohayo. Na sitaki uyapuuze kama maneno ya wajinga, kwa sababu yana ukweli kidogo ndani yake, na huo ukweli kidogo ndio unaokamata watu. Daktari aliniambia baadaye kwamba bangi huzifungua kweli njia za hewa kwa muda. Mtu anahisi kifua chepesi, anaamini. Halafu moshi unaziunguza njia zilezile, kama moshi wa kitu chochote kinachoungua, na ule ubanaji wao wa kuona nyota ndio unaoacha masizi mengi zaidi ndani. Nikamuuliza, na vumbi la mawe je? Akasema, "Mama, siwezi kukutenganishia lipi ni la vumbi na lipi ni la moshi. Vyote vilipita mlango mmoja."

Mimi nilijua anavuta. Sitaki ufikirie nilikuwa mke asiyejua. Niliisikia kwenye koti lake tangu mwaka tuliooana. Lakini alikuwa hanywi pombe, hanipigi, analeta chakula, na Jumapili anavaa shati jeupe. Nikajiambia kuna wanawake wenye shida kubwa kuliko yangu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikipima ndoa yangu.

Kilichoanza ni ule mguu wa kushoto. Tukienda sokoni anatembea, kisha anasimama. Anasema anasubiri gari lipite, wakati barabara ni nyeupe. Anakuta duka la vipuri, anasimama kuangalia vipuri ambavyo hana gari la kuviweka. Akipumzika kidogo, maumivu ya shavu la mguu yanaisha, anaendelea, halafu tena anasimama. Nikawa namtania, "Wewe ni basi la abiria, kila kituo unashusha." Naye anajibu, "Na wewe ndiye kondakta, mbona hudai nauli?" Tulicheka sana kwa jambo lile. Nikikumbuka kicheko kile natamani nikirudishe tumboni.

Kisha unyayo ukawa wa baridi. Nilikuwa nauwekea chupa ya maji ya moto, na siku moja nikamuunguza bila yeye kuhisi. Kisha kidonda kwenye kidole kidogo, cha ukubwa wa punje ya mtama, kikakataa kupona. Ndipo akaanza kulala mguu umening'inia nje ya kitanda, maana akiunyoosha maumivu yanamtoa machozi. Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukipita pale unauvuta huo mguu kwa mchezo, nami nakufukuza kwa ukali. Labda unakumbuka ukali wangu. Sasa unajua sababu.

Na kitu pekee kilichompa usingizi kilikuwa kijiti. Alipokuwa hawezi tena kutoka, nilikwenda kumtafutia mimi. Nilijifunza kuchambua mbegu na kukunja karatasi. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamshikia kiberiti. Daktari alipokuja kunieleza kwamba kila mvuto ulikuwa ukiibana ile mishipa ya damu iliyokwisha kuziba, nilitazama vidole vyangu hivi ninavyokuandikia navyo. Unajua desturi yangu ya kuandika kila siku, tarehe juu na mambo chini. Wiki iliyopita nimesoma kurasa za miaka ile. Nimeandika mvua, bei ya mchele, homa zako, "mguu baridi", "hakulala". Neno bangi halimo. Hata peke yangu, kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma, sikuthubutu.

Lakini hilo silo ninalojilaumu nalo zaidi.

Tulipompeleka zahanati, mganga wa pale aliuliza, "Anavuta?" Baba yako akanitazama. Mimi ndiye niliyejibu, upesi, kabla hajafungua mdomo: "Hapana daktari, havuti sigara." Na kweli hakuwa akinunua sigara. Nilijiona nimesema kweli. Nje kulikuwa na askari amemleta mtu aliyepata ajali, amekaa kwenye benchi anafunga kamba za buti zake, nami niliogopa kwamba nikilitaja lile neno baba yako atatoka pale amefungwa pingu. Yule mganga akaandika. Wakapima sukari, hakuna. Wakatupa dawa ya kidonda. Tuliporudi zahanati aliuliza tena, nikajibu vilevile, na safari hii jibu lilitoka bila hata hofu, limekwisha kuwa la kwangu.

Kwa kuwa zahanati haikuona ugonjwa, ndugu zake wakasema si ugonjwa. Tukampeleka kwa mganga wa kienyeji kule bondeni Momba. Mzee yule aliuliza swali moja tu la maana: "Ulivua viatu kwa nani?" Baba yako akafikiri, akasema alivua buti kwa dada yake Debora, Ihanda, siku alipokwenda kumsaidia kutandaza kahawa kwenye kichanja, kwa sababu ua ulikuwa umesiribwa upya. Mzee akatikisa kichwa. "Basi. Amekanyaga dawa. Aliyetega ni wa damu yake, mwanamke, mkubwa kwake."

Huyo ndiye Shangazi Debora ambaye tulikuambia tuligombana naye kwa ajili ya shamba la kahawa. Hakukuwa na ugomvi wa shamba. Tulimwita mchawi. Kikao kilifanyika kwao, wazee wamekaa, na mimi nilisimama mbele yao nikalisema kwa kinywa changu, kwa sababu nilitaka kuwe na mtu wa kulaumiwa ambaye si mume wangu na si mimi. Debora hakupiga kelele. Alisema, "Huyu nimembeba mgongoni mama yetu alipofariki. Ningetaka afe ningemwacha adondoke." Kisha akachukua kanga yake akatoka. Alikuja hospitali baadaye na magimbi aliyoyapika, nikamzuia mlangoni. Nilimwambia chakula chake akale na wachawi wenzake. Ndivyo nilivyosema, sitaki kulainisha.

Hospitali kubwa Mbeya alitupokea daktari binti, mdogo kuliko shangazi zako wote. Mimi nilikuwa nimekwenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta baba yako analia, naye amekaa pembeni yake kwenye kiti, ametulia. Alikuwa amemuuliza yeye mwenyewe, si "unavuta?" bali "unavuta nini, na tangu lini?" Akamwambia yote. Daktari akanigeukia, "Mama, kwa nini hukusema?" Nikamwambia niliogopa polisi. Akasema, "Mimi si polisi. Mimi nilitaka mguu."

Alinishika mkono akaniwekea vidole viwili juu ya unyayo wa kulia wa baba yako, pale kamba za kiatu zinapofungwa. "Sikiliza kwa vidole." Nikasikia, tuk, tuk, tuk, kama kifaranga ndani ya yai. Akauhamishia mkono wangu mguu wa kushoto, mahali palepale. Kimya. Nikabonyeza, nikatafuta huku na huku. Kimya kabisa, na ngozi baridi kama udongo wa mtungi. Vidole vitatu vilikuwa vimekwisha kuwa vyeusi. Akaeleza kwamba mishipa ya damu huvimba ndani na kuziba, kwa vijana kabisa, hata wasio na sukari wala presha. Akasema tumbaku inajulikana sana kwa kazi hiyo, na bangi nayo imeonekana kuifanya. Si kila anayevuta hupatwa. "Tatizo ni kwamba hatujui kabla ni nani, mama. Mguu ndio hutuambia, na unachelewa kusema."

Wakakata chini ya goti. Akaambiwa akivuta tena, wa kulia utafuata. Aliacha. Umemwona maisha yako yote hagusi hata sigara ya mgeni, ukadhani ni ulokole. Kuacha kulimtesa: alitoka jasho, alitukana, alinirushia bakuli. Mguu wa kulia alionao ni kazi ya mikono yake mwenyewe, naomba umheshimu kwa huo. Kifua hakikurudi. Ule mluzi unaousikia anapovuta pumzi, ndiyo besi yake iliyobaki. Kanisani sasa anafungua mdomo tu, nyimbo zinampita. Aliniambia siku moja, "Mguu wangu umetangulia mbinguni kunishikia kiti. Sauti sijui imekwenda wapi." Utani wake ndivyo ulivyo, unacheka mpaka nusu halafu unajuta.

Tulipoteremka kwenye basi hapa Tunduma, jirani wa kwanza alipouliza, alisema, "Jiwe." Nami nikaitikia, "Jiwe, mama, ashukuriwe Mungu hakufa." Jiwe lilikuwa na heshima. Mtu aliyepigwa na jiwe ni mtu wa kazi. Na ona jinsi uongo mmoja unavyoshika mwingine: kumsafisha Debora kulihitaji kuitaja bangi, na kuitaja bangi kulihitaji kuliondoa jiwe. Kwa hiyo tukaliacha jiwe mahali pake, na Debora akabaki chini yake. Watoto wa Ihanda wakapita mbali na ua wake. Wewe mwenyewe ukiwa darasa la tatu ulimkimbia msibani alipotaka kukupa andazi. Nilikuona, nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Sasa nakuja kwako.

Koti lako la kijani nililifua mwezi uliopita. Sihitaji kusema zaidi, pua yangu ilisoma shule hiyo kabla hujazaliwa. Sikukuuliza. Nilijiambia vijana wote wa stendi wanavuta, ataacha. Lakini wiki mbili zilizopita tulipanda pamoja kutoka sokoni, mimi na kapu langu, wewe na kiroba cha mchele begani. Pale kwenye mteremko wa maji machafu ukasimama. Ukatoa simu ukaitazama. Nikatangulia, nikageuka, nikakuona unalisugua shavu la mguu wa kushoto kwa kisigino cha kulia, na simu yako ilikuwa imezima, kioo cheusi. Nikakuuliza, "Vipi?" Ukasema, "Kiroba kizito, mama." Huenda kweli ni kiroba. Kilikuwa kizito. Nimejiambia hivyo kila siku tangu siku ile.

Jana mchana ulipolala kwenye mkeka nilikuja kukaa miguuni pako. Nilikugusa nyayo. Niliona kama wa kushoto una baridi kidogo, lakini ulikuwa umelala karibu na mlango, upepo ukiingia. Nikaweka vidole viwili pale juu. Nilisikia kitu, ila moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, sikujua kama yale ni mapigo yako au ya kidole changu mwenyewe. Nikaogopa kubonyeza usije ukaamka. Nimeondoka bila jibu, na bila jibu ndivyo ninavyokuandikia.

Jumanne nilikwenda Ihanda. Baba yako hakunituma, nilimwambia nakwenda kununua mahindi. Nilimkuta Debora anageuza kahawa kichanjani, mgongo umepinda. Aliniona, akaendelea kugeuza. Nikapiga magoti pale uani nikamweleza yote, tangu kijiti cha kwanza hadi askari wa kwenye benchi. Alipomaliza safu yake akaniuliza, "Umekuja kwa ajili yangu, au kuna jambo?"

Nikamwambia, "Kwa ajili ya Elia. Ameanza."

"Kwa hiyo mimi nimesubiri mpaka mtoto wako aumwe ndipo niwe mtu."

Nikasema, "Ndiyo, wifi."

Akasema, "Haya. Leo angalau husemi uongo. Inuka, utachafua gauni." Alinipa kahawa. Sikusamehewa, Elia, nimepewa kahawa. Nilipoondoka alisema, "Basi lake si linapita hapa? Ashuke. Nitamtazama hiyo miguu. Nilimvisha viatu baba yake."

Jioni ile nilimwambia baba yako nilikokwenda. Nilidhani atakasirika. Mluzi wake ulikwenda na kurudi, kisha akasema, "Mwandikie. Mimi nikianza kumweleza nitaishia kwenye utani." Halafu akaongeza, "Na umwambie ya mawe ni kweli pia. Agonge dari."

Sikuombi uniahidi kwamba hutavuta. Baba yako aliniahidi mara nyingi kwa mapenzi yote, na nilizipokea ahadi zile kwa sababu zilinipunguzia kazi ya kumtazama. Ninachokuomba ni kidogo, nacho kigumu zaidi. Siku utakapokaa mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe akakuuliza unavuta nini, jibu wewe, kwa mdomo wako, jibu lote. Asikujibie mkeo, wala rafiki, wala mimi. Na usisubiri kidonda: Mkwajuni kuna kituo cha afya, nenda wiki hii hii, waambie shavu la mguu linauma ukipanda mlima na kwamba baba yako alikatwa mguu akiwa kijana. Usiseme jiwe. Wakikupa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, nenda. Kama ni kiroba tu, utakuwa umepoteza siku moja ya duara na mama yako atalala.

Ihanda, shuka. Chakula atakachokupa Shangazi Debora ukile chote mbele yake, akuone unameza. Hilo nilipaswa kulifanya mimi mlangoni pa hospitali, na siwezi tena kulifanya, magimbi yale yalikwisha kupoa miaka mingi.

Naisikia sauti yako kwa jirani, unacheka. Nitaiweka barua hii ndani ya kiatu chako cha kushoto, ili usiweze kukivaa kabla hujaiona.

Kesho asubuhi, wenzako watakapokuwa wamesimama mlangoni, nitapiga magoti nikufunge kamba kama ulipokuwa unaanza shule. Watakucheka. Waache wacheke, na wewe usiuvute mguu. Nitachelewa kidogo kwenye lile fundo, mwanangu. Natafuta mapigo.

Mama yako